Kilima cha Mama na Baiskeli ya Springi

Gitting, Hanang
9 Februari 2025

Shemeji Yonas,

Shikamoo. Hiyo shikamoo ni ya umri wako tu, usiitafutie maana nyingine. Ungezaliwa baada yangu, barua hii ingeanza kwa namna ambayo hata Tluway dereva angekataa kuibeba kwenye basi lake.

Hapa Gitting tu wazima. Lucia mke wangu anakusalimu, maana yeye ana moyo. Viazi vimekubali. Ndama wa jirani alikula kola ya shati langu jeupe likiwa kwenye kamba, kwa hiyo Pasaka hii utasikia nimeenda kanisani na sweta. Msalimie dada yangu Bernadina na watoto wote.

Utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Simu nilikublock siku ile ile ya msiba, nikiwa bado ndani ya gari narudi, na mimi nikishamfungia mtu simfungulii mpaka aniangukie. Lakini maneno ninayo, yananiwasha. Ndiyo nimenunua kalamu.

Mwezi uliopita tulipomzika mama, gari lilikwama chini kwenye tope, tukabeba jeneza wenyewe kupanda kile kilima cha kwetu hapo Nambis. Mimi ndiye mtoto wake wa kiume, hana mwingine. Nilishika mbele, upande wa kulia. Katikati ya mpando nikasema tumshushe kidogo. Tukamshusha. Wewe ukatoka nyuma, ukashika nafasi yangu, ukageuka ukasema kwa sauti yako ile ya kuita ng'ombe: "Mama huyu alikubeba tumboni miezi tisa, wewe kilima kimoja kimekushinda?"

Watu walicheka, Yonas. Msibani. Nilimwona Marieta wa kwaya amejiziba mdomo na ncha ya shuka, mabega yanatikisika.

Mimi nimezunguka na malori mpaka Lubumbashi. Nimelala Bujumbura chini ya tela. Nimetukanwa na maaskari wa mipaka kwa lugha ambazo wewe hujui hata kama zipo. Yote yalipita. Hili lako limekaa hapa kifuani kama mfupa wa samaki.

Sasa sikiliza. Daktari wa zahanati amenipima presha akaguna, akaniangalia kitambi akaguna tena, akasema Tadei, tembea au panda baiskeli, la sivyo ndugu zako watapanda hicho kilima tena mapema. Nikaenda mnadani Katesh, nikapata baiskeli. Si hizo zenu nyeusi za kubebea maziwa. Hii ina springi mbele na springi nyuma, shokapu kabisa kama gari, diski kwenye breki, gia nyingi kuliko lori nililokuwa naendesha. Bei ya kutupwa, maana muuzaji hakujua ameshika nini.

Na kiapo changu ndicho hiki. Unajua kwenye ukoo wetu kaburi la mama halijengewi mpaka mtoto wa kiume aweke jiwe la kwanza. Siku ya kulijengea nitapanda kilima kile juu ya baiskeli, kuanzia barabarani mpaka kaburini, bila kuweka mguu chini. Wewe utasimama pale pale uliposimama, na mbele ya watu wale wale utasema: "Nilimkosea Tadei." Nikishayasikia hayo ndipo naweka jiwe langu.

Mpaka siku hiyo mtu asiguse kaburi.

Shemeji yako ambaye hasahau,
Tadei

*

Nambis, Mbulu
16 Machi 2025

Shemeji Tadei,

Marahaba. Barua ilifika ikiwa na harufu ya vitunguu, nadhani Tluway aliilalisha kwenye gunia.

Huku tunashukuru Mungu. Mahindi yamefika magotini. Mtoto wetu Doris amefaulu kwenda kidato cha tatu. Bernadina ni mzima, ila tangu nilipomsomea barua yako hajasema neno juu ya jambo hili, kwangu wala kwa mtu mwingine. Anapika, analima, anasali. Ukimtajia kaburi anatoka nje.

Nimeielewa habari ya baiskeli. Kuna mwalimu hapa alikuwa na ya namna hiyo. Ukikanyaga pedeli, springi ya nyuma inanesa, inakula nguvu zako zote, unakaa pale unapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi na baiskeli haijaondoka. Mwisho aliwapa watoto wakaifanya bembea. Na wewe najua umekalia siti ya chini kabisa ili miguu ifike ardhini, magoti yako yanagonga kidevu. Mtu mzima anayejua baiskeli hunyoosha mguu.

Hizo springi huwa zinalia kama paka. Sisi huku vitu vya namna hiyo tunapaka mafuta ya kondoo, vinanyamaza. Lakini wewe ni mtu wa Lubumbashi, utakuwa na grisi zako za kizungu.

Nimekubali kiapo chako, na mimi naongeza changu. Ukiweka mguu chini, hata kidole, jiwe la kwanza naweka mimi. Mbele ya watu wale wale. Na wewe utanipokeza.

Maneno niliyosema siku ile sina la kuyaongezea.

Mvua ni kubwa mwaka huu. Tuta la kaburi linaliwa na maji.

Shemeji yako,
Yonas

*

Gitting, Hanang
11 Mei 2025

Shemeji Yonas,

Shikamoo, nyoka wewe.

Nyumbani kwangu wote wazima isipokuwa baiskeli, nami nitaeleza. Lucia amejifungia jikoni anacheka tangu juzi. Nimemwambia mwanamke, kicheko chako kinamsaidia adui.

Kwanza nikuvunje moyo. Nimepungua. Mwezi wa pili nilikuwa nikimaliza tambarare ya kanisani nakaa chini kama mzigo uliotupwa, watoto wa shule wananiambia "pole babu." Babu! Sasa hivi natoka Gitting nateremka, nazunguka, narudi na mpando wote, nashuka mara moja tu kukojoa. Siti nimeinua. Sikuinua kwa sababu yako, niliota mwenyewe.

Ile kunesa ni kweli ilikuwepo. Nikachunguza, nikaona pale kwenye shokapu ya nyuma kuna ringi ya kuzungusha, ukiikaza springi inakuwa ngumu. Nikakaza. Ikawa bado inacheza kushoto kulia, kumbe bushi za pale fremu inapojikunja ni plastiki, zimeisha. Fundi wa Katesh akaniambia hizo hazipatikani, nunua baiskeli nyingine. Mimi ni mtu wa kuambiwa hivyo? Nikaenda Hirbadaw kwa Hhando, mhunzi wa Kibarbaig, yule anayefua bangili za shaba za kina mama. Nikamwonyesha. Akageuza geuza, akasema, "Hii ni bangili ya mtoto mchanga." Akanifulia bushi za shaba. Zimekaa pale kama zimezaliwa nazo. Naamini hakuna baiskeli nyingine Tanzania nzima iliyovaa bangili.

Sasa uovu wako. Kabla ya kwenda Hirbadaw nilikuwa nimepaka mafuta ya kondoo. Springi ya mbele, springi ya nyuma, mpaka chini ya siti. Kweli zilinyamaza, nikasema moyoni, Yonas ni mshenzi lakini kwa hili amesema ukweli. Nikalala kwa Hhando, baiskeli nikaiegemeza nje ya boma, kwenye miiba.

Asubuhi nakuta siti hakuna. Mpira wa mikono miwili ya usukani hakuna. Tairi la nyuma limetafunwa kama muwa. Fisi! Wazee wa pale wakaja na fimbo zao kuangalia nyayo, mmoja ananiuliza kwa upole kabisa, "Kwani wewe, huyu baiskeli wako ulimpaka mafuta ili alale?" Mwingine akasema, "Fisi alidhani ni mbuzi aliyekonda, kafika mifupani kakata tamaa." Nimerudi Gitting nikiendesha nimesimama, njia nzima, bila siti, na kila mtu niliyempita ananiuliza kwa nini sikai.

Ulijua. Wewe ulijua kabisa kwamba ninapita nyika ya fisi kila wiki.

Haya. Umeanza, mimi namalizia. Jumapili ijayo ukienda kanisani usisinzie wakati wa matangazo. Nimemtumia katekista Hilary karatasi kidogo pamoja na sadaka ya shukrani. Msikilize vizuri. Sina la zaidi.

Tadei, ambaye mapaja yake sasa ni ya chuma

*

Nambis, Mbulu
22 Juni 2025

Tadei,

Marahaba.

Watoto wazima. Doris anakushukuru kwa madaftari. Tumevuna maharage.

Nilikaa benchi la mbele kama ninavyokaa siku zote. Hilary akamaliza habari za mchango wa bati, akakohoa, akafungua karatasi yako. "Ndugu yetu Tadei wa Gitting anatoa shukrani za pekee kwa shemeji yake Yonas, ambaye kwa upendo wake kwa marehemu mama mkwe ameahidi kuchinja dume zima na kulisha kigango chote siku ya kujengea kaburi." Kanisa lote likapiga makofi. Vigelegele. Marieta wa kwaya akaanzisha wimbo. Mzee mmoja akanishika mkono akalia machozi, akasema hajawahi kuona mkwe kama mimi.

Ningesema nini? Ningesimama mbele ya altare niseme mimi sina upendo na mama mkwe?

Dume nililo nalo ni maksai wangu wa jembe, yule mwekundu. Unamjua. Mwenzake atabaki peke yake na hajui kulima peke yake. Wewe umemchinja, Tadei, kwa kalamu, ukiwa umekaa Gitting.

Basi kabla hajafa nimempa kazi ya mwisho. Kile kilima, upande unaotokea barabarani, ni shamba langu, na njia ilipita humo kwa hisani yangu. Nimeilima. Nimelima yote, kutoka chini mpaka karibu na kaburi, udongo ukiwa bado na unyevu. Sasa jua linaupiga, umekuwa mabonge kama matofali. Waenda kwa miguu nimewatengea kichochoro pembeni. Baiskeli ipite hapo kwenye mabonge. Ulisema ina springi.

Padre amepanga Jumamosi tarehe 13 Septemba. Watu wote wanajua. Hata wa vigango vya jirani wameulizia, wengine kwa ajili ya nyama, wengine kwa ajili ya kukuona ukianguka.

Bernadina bado hasemi. Nilipoanza kulima kilima alisimama mlangoni akaniangalia mpaka nikamaliza, akaingia ndani.

Tuta lile la kaburi kila mvua ilipolila kuna mtu alipanda kurudishia udongo. Usiniulize ni nani. Mvua za masika zimeisha lakini za vuli zitakuja.

Yonas

*

Gitting, Hanang
17 Agosti 2025

Shemeji Yonas,

Shikamoo. Poleni na baridi. Sisi huku mlima umevaa wingu wiki nzima, unaamka unadhani umepofuka. Ngano tumevuna. Lucia ameipunguza suruali yangu ya harusi mara mbili, sasa anasema akipunguza tena mifuko miwili itakutana nyuma. Daktari amenipima presha, hakuguna. Niliomba arudie nisikie tena asivyoguna.

Habari ya kulima kilima nimeisoma nikiwa nakunywa chai, nikasimama nikakupigia makofi peke yangu. Mungu ananiona. Hiyo ni akili. Nilidhani wewe ni mtu wa rozari na maharage tu.

Lakini umekosea, na nitakueleza ulipokosea ili ukose usingizi mwezi mzima. Ile baiskeli yako nyeusi ungeilimia njia, ingekufa hapo hapo. Hii yangu ilizaliwa kwa ajili ya njia iliyolimwa! Springi hizi nilizokuwa nazitukana barabarani, kwenye mabonge ndiyo zinaamka. Nilikuwa sijui. Wewe ndiye uliyenionyesha. Nimemlipa jirani anilimie kipande chake cha mteremko, makusudi, na kila asubuhi napanda hapo. Ringi ya nyuma nimeilegeza kidogo tena ili springi imeze mabonge. Tito, kijana wa Arusha anayeleta mitumba, ameniletea tairi pana zenye vinundu kama mgongo wa mamba, na mimi naziacha na upepo kidogo ili zishike. Cheni mpya. Mbele nimeweka meno madogo, nyuma friwili kubwa, mguu unazunguka mwepesi kama unasaga mahindi mabichi. Pedeli za plastiki nimetupa, nimefunga za chuma zenye meno. Siti mpya ni ngumu kiasi kwamba hata fisi angeomba maji.

Siku za kwanza nilianguka sana. Bega moja limebadilika rangi. Jirani ananiuliza, "Tadei, kwa umri huu unafanya mashindano na nani?" Namjibu, "Na shemeji mmoja mwenye mdomo."

Sasa kuhusu maneno yako ya siku hiyo. Nayaandika ili usije kusema umesahau: "Mimi Yonas nilimkosea Tadei kwa maneno yangu, siku ya kumzika mama yake, nikiwa mbele yenu." Basi. Usiongeze mfano wa Biblia. Nakujua.

Kuna jambo la siku ile ambalo wewe hulijui na mimi sitalisema. Ulisema kilichokujia. Sawa. Utalipa bila kulijua.

Maksai mwekundu namhurumia. Wewe hapana.

Tutaonana chini ya kilima.
Tadei

*

Nambis, Mbulu
18 Septemba 2025

Shemeji Tadei,

Marahaba, ingawa safari hii hukunisalimia. Uliondoka jioni ile na Tluway kabla watu hawajamaliza kula, baiskeli juu ya basi, bila kuniaga. Natumaini mlifika salama na Lucia na bega linaendelea vizuri.

Nyumbani tuko wazima. Maksai aliyebaki anaita mwenzake kila asubuhi, amenifanya nianze kuamkia shamba la mbali nisimsikie.

Naandika kwa sababu hukudai yale maneno ya kiapo chako. Nilisubiri udai. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na jibu tayari na lilikuwa baya. Ukanipita ukaenda.

Nianze mwanzo, maana kuna vitu wewe hukuviona ukiwa umeinamia usukani.

Watu wote waliteremka barabarani kukungoja. Wote, Tadei, mpaka wazee wenye mikongojo, mpaka padre na viatu vyake vyeupe. Mawe, mchanga na saruji tulishapandisha juu tangu Ijumaa. Juu kwenye kaburi sikudhani kama kuna mtu amebaki. Wewe ukaja umevaa kofia ngumu ya baiskeli, ya kitoto, watu wakapiga kelele, mtu mmoja akasema, "Huyu siye Tadei, Tadei alikuwa wawili." Ukaingia kwenye mabonge.

Mimi nilisimama pale tulipomshusha mama siku ile. Nilisimama hapo kwa makusudi. Mabonge ya hapo nilikuwa nimeyalima mara mbili, kwa kukatisha. Nilitaka uangukie miguuni pangu. Nasema kweli, nilisali uanguke, na baadaye nimeliungama.

Baiskeli ilikuwa inaruka mbele na nyuma kama chura na wewe umekaa juu umetulia. Ukafika nilipo. Ukanipita karibu, ningeweza kukushika mkono. Nikakuangalia usoni nikitafuta kama umechoka. Hukuwa umechoka. Ulikuwa unahema vizuri kabisa, mdomo umeufumba. Lakini uso ulikuwa ule ule. Ule wa siku ile ya jeneza. Ule ule kabisa, hapo hapo, mahali pale pale.

Nikabaki nimesimama watu wakikukimbilia. Nikajua jambo ambalo ulisema hutaniambia. Siku ile pumzi haikukuishia. Hukutaka tufike kaburini.

Mguu hukuweka. Nimeona, na ninashuhudia.

Nilipofika juu nikakuta umesimama na baiskeli mkononi. Na kaburi lina mstari mzima wa mawe kuzunguka, saruji mbichi, na Bernadina amepiga magoti na mwiko mkononi, na Hilda wa jirani anamshikia karai. Fundi wa kujengea amekaa pembeni kama mtoto aliyekatazwa kucheza. Aliniambia baadaye, "Mama Doris alinipokonya mwiko, ningefanya nini?"

Sitasahau Bernadina alivyotuangalia. Miezi saba hajasema neno juu ya jambo hili, akafungua kinywa: "Mmemaliza kucheza? Haya, shikeni ndoo na kopo, wageni wanataka kunawa."

Tukanawisha watu, wewe mkuu wa ukoo na mimi mzee wa kanisa, tukanawisha kigango chote na vigango vya jirani. Wewe ulimwaga maji, mimi nilishika sabuni. Marieta alipofika kunawa alijiziba mdomo tena.

Usiku nilimwambia Bernadina, mwanamke, jiwe la kwanza ni la mtoto wa kiume. Akasema, "Mvua za vuli zingewasubiri nyie?" Akalala.

Sasa niseme na langu, nimelikalia muda mrefu. Mwaka wote wa mwisho wa mama, mimi ndiye niliyekuwa nampeleka zahanati kwenye keria ya baiskeli yangu, amenishika kiuno. Kila tukifika darajani alikuwa anauliza, "Tadei anakuja lini?" Kila safari. Aliyembeba nilikuwa mimi, jina alilotaja ni lako. Siku ya jeneza nilipoona umeliweka chini, ile hasira ikapata mdomo. Hiyo ndiyo sababu. Haipunguzi kosa.

Nilisema uongo juu yako mbele ya watu. Jumatano tarehe mosi Oktoba jumuiya inasali hapa kwangu. Wale waliobeba jeneza watakuwepo. Nitasimama niseme. Uje, au nitakueleza ilivyokuwa.

Yonas

*

Gitting, Hanang
25 Septemba 2025

Shemeji Yonas,

Shikamoo. Hii ni kamili, ipokee.

Tulifika salama. Bega linapona. Lucia amesoma barua yako kabla yangu, nikamkuta amekaa jikoni na kitunguu ambacho hakukata. Nami nimeisoma nyuma ya banda, na usiulize nilikaa huko muda gani. Hilo la darajani sikulijua. Mimi nilikuwa namtumia vitenge kutoka Kongo, nikijua huko ndiko kuwa mwana.

Bernadina ametupiga wote wawili kwa jiwe moja na hakuna tunachoweza kumfanya. Nimefikiria njia zote. Hakuna. Yeye ni mkubwa kwangu na kwako ni mke, kila upande tumeshikwa. Nikamwandikia kumwambia amevunja utaratibu wa ukoo. Amenirudishia salamu kwa mdomo wa Tluway: karibu nyumbani, na uje na viazi.

Maksai nitakuletea mwingine. Tuliache hilo, usinishukuru, utaniharibia hasira.

Maana hasira bado ninayo, shemeji. Usidhani barua nzuri imenimaliza. Miezi yote nimepanda milima nikikutukana kila mzunguko wa pedeli, mpaka mapafu yangu yakakufahamu kwa jina. Deni la namna hiyo haliishi kwa wino. Watu walisikia kwa masikio, na kwa masikio watasikia tena.

Nitakuja tarehe mosi. Nitakuja kwa baiskeli, Dongobesh nitalala kwa rafiki, kwa hiyo nitafika nikiwa na vumbi, na mtanipokea hivyo hivyo. Na masharti ni haya. Usisubiri mwisho wa sala watu wanapotafuta viatu. Sema mwanzo, wakiwa wazima. Habari ya keria na darajani usiitaje hapo, hiyo ni yetu mimi na wewe. Na usiniwekee yale mambo ya "iwapo nilimkosea" wala "endapo aliumia." Uliniumiza. Ukisema iwapo, nainuka, na mke wako atatushikisha ndoo tena mbele ya jumuiya.

Marieta wa kwaya awekwe mbele kabisa, mikono mapajani.

Mimi nitakaa nyuma, karibu na mlango. Sauti isiponifikia vizuri nitanyoosha mkono, na wewe utaanza upya.

Shemeji yako,
Tadei